Tangi la Maji la Genpei

Kurosaka, 13 Aprili 1997

Mdogo wangu Kiyotaka,

Theluji imeyeyuka upande wa kusini wa paa, upande wa kaskazini bado. Natumaini huko Hamamatsu mmeshayarudisha makoti kabatini, na kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama mkwe Towa analalamikia magoti kila asubuhi, lakini ngazi za mapipa ya sosi kiwandani bado anazipanda kunishinda.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu iko chumba cha mbele, na Mama Towa anashinda hapo. Lililotokea linamhusu.

Jana alfajiri mwanawe Genpei alitaka kulijaribu gari mlimani kabla watalii hawajaanza kupita. Maji ya lile tangi ulilomfungia kwenye buti yalikuwa yameganda juu. Alimimina maji baridi ya bombani, kisha akaleta birika kutoka jikoni akaongeza ya moto juu yake. Mama alikuwa mlangoni na ufagio.

"We Genpei, unafanya nini hapo?"

"Nayeyusha barafu, Mama."

"Baridi kwanza, moto baadaye? Kwani nani kafa humu ndani?"

Unajua mwenyewe, kwetu ya baridi ndiyo huongezwa kwenye ya moto. Kuyageuza ni siku ya kumwosha maiti tu. Genpei akacheka: "Basi leo nimeliosha gari. Mimi bado mchafu." Mama hakucheka, na tangu jana hajagusa wali.

Mdogo wangu, nieleze kama unayemweleza mtu asiyejua gari. Maji haya yana faida gani, na hasara gani? Gari haliwezi kwenda bila hayo? Kama yanaweza kuachwa nitajua la kumwambia Mama. Mbio za magari mlimani ni Jumapili ya tarehe 15 Juni, na mwanamke huyu hatalala mpaka siku hiyo.

Dada yako,
Mitsue


Hamamatsu, 20 Aprili 1997

Dada Mitsue,

Barua yako imenikuta mzima. Kikohozi kimekwisha, na hamu ya kula imerudi mpaka mke wangu ananificha samaki. Mpe Mama Towa pole ya magoti.

Gari la Shemeji lina turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikashindilia hewa ndani ili injini ipate nguvu zaidi. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Ukishika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi utaliona hilo. Sasa hewa ya moto ina ubaya wa namna mbili: inapunguza nguvu, na inafanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Hapo injini huanza kugonga, na injini inayogonga sana hutoboka. Ndiyo maana hewa hupitishwa kwanza kwenye kipoza, kitu kama rejeta ndogo iliyolala chini ya boneti. Mimi nimeweka matundu ya kunyunyizia maji juu ya kipoza hicho. Shemeji akibonyeza kitufe, maji yanatoka, yanakauka kwa joto, na yakikauka yanaondoka nalo. Ni kama unavyoizungushia chupa ya bia kitambaa kibichi wakati wa kiangazi ukaiweka penye upepo.

Hiyo ndiyo faida, na kwenye mlima mrefu kama wenu ni kubwa. Hasara nazo zipo. Maji ni mzigo, na gari linalopanda halipendi mzigo. Yana mwisho. Siku ya ukungu hayakauki, yanachuruzika tu. Na maji yenu yana chokaa, yataacha ukoko kwenye kipoza, kwa hiyo mwambie anunue yaliyochujwa. Lakini hasara ninayoiogopa zaidi iko kwa dereva. Akishajua kwamba maji yapo, ataanza kuidai injini kile ambacho bila maji asingethubutu kukidai.

Ulichouliza hasa: linaweza kwenda bila maji? Linaweza. Nimelipanga hivyo kwa makusudi. Bila maji litapanda vizuri tu, labda lichelewe sekunde chache. Mwambie Mama ale.

Mdogo wako,
Kiyotaka


Kurosaka, 25 Mei 1997

Mdogo wangu Kiyotaka,

Huku kumeshachipua, na vyura wa mashambani hawatuachi kulala. Je, wewe na wako mnaendeleaje? Sisi miili ni mizima.

Nilimsomea Mama maelezo yako, isipokuwa habari ya bia. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikaongeza kwamba hata hivyo Genpei ameshalijaza tangi lile mara nyingi tangu Aprili, maji ya siku ile yamekwenda zake. Akaniangalia kama mgeni.

"Mitsue, umeolewa humu miaka ishirini. Tukitoa sosi kwenye pipa, tunaacha nini chini?"

"Masalia, Mama."

"Kwa nini?"

"Yafundishe soya mpya."

"Basi. Genpei kalimwaga tangi lake likabaki tupu kabisa hata siku moja? Hajalimwaga. Anaongeza juu. Yale ya siku ile yako chini, yanayafundisha mengine."

Kiyotaka, nimekaa kwenye kiwanda hiki nikikoroga soya nusu ya maisha yangu, nikajikuta naitikia kwa kichwa. Kila jioni Mama anasimama nyuma ya gari, mikono mgongoni. Genpei anamtania: "Mama, ukizidi kulitazama litaona haya." Wiki iliyopita Genpei alisema anakwenda Hamamatsu kutafuta chupa za sosi kwa bei ya jumla. Chupa sijaziona, ila amerudi anapiga mluzi. Alipita kwako?

Dada yako,
Mitsue


Hamamatsu, 12 Juni 1997

Dada Mitsue,

Natumaini mvua za mwezi huu hazijaleta ukungu mwingi kwenye mapipa, na kwamba wote mko salama. Nisamehe kwa kimya changu. Ndiyo, Shemeji alipita.

Alikaa kwenye kiti changu cha gereji, akaniambia, "Kiyotaka, kila mwaka mimi ni wa nne. Watu wananiita Nne. Hata muuza tofu ananiita Nne. Nipe chote kilichomo." Asubuhi nilikataa. Mchana nikakubali. Nimeipanga upya kompyuta ya injini kwa kuyategemea maji. Kwa hiyo lile nililokuandikia Aprili si kweli tena. Sasa gari hili bila maji halitamaliza mlima. Litagonga, na halitagonga kwa muda mrefu.

Shemeji anajua. Ila taa ya kwenye dashibodi inaonyesha kwamba pampu inazunguka, haionyeshi kama kuna maji. Nilitaka kuweka kipimo, muda haukutosha.

Leo mchana nimepiga simu, akapokea Mama Towa. Nikamwomba amkumbushe Genpei aangalie maji. Akanijibu, "Maji nitayaangalia mimi." Sikuipenda sauti ile. Ndiyo maana naandika. Posta imeshafungwa, nitaitia sandukuni kesho nikienda kazini, na Jumamosi utakuwa nayo. Wewe ni mtu wa kukagua kitu mara mbili. Kabla hajaondoka, fungua buti, toa kifuniko, tia kidole.

Mdogo wako,
Kiyotaka


Kurosaka, 14 Juni 1997, Jumamosi

Mdogo wangu Kiyotaka,

Leo tumepata jua la kwanza baada ya siku nyingi. U mzima? Mama anasema ulipiga simu juzi kutujulia hali. Ahsante kwa kumkumbuka.

Nakuandikia nikiwa na moyo mwepesi. Leo posta haikuleta kitu, nikasema basi mimi niandike. Jioni hii Genpei alipokwenda kuoga, gari likiwa limeshafungwa juu ya trela, Mama alinijia na mpira mrefu wa kunyonyea sosi mapipani. Hakuniamuru. Alisema tu, "Mwanangu mmoja, Mitsue. Nisaidie." Mimi nikashika mpira, yeye akashika tochi, tukayatoa yote, mpaka tone la mwisho. Akalifuta tangi kwa kitambaa, akatia chumvi kidogo ya kuondoa nuksi, akarudisha kifuniko. "Likae kavu mpaka kesho ipite," akasema.

Genpei sikumwambia. Angecheka na kulijaza tena. Wewe mwenyewe umeandika kwamba bila maji litapanda vizuri tu, na sekunde chache si kitu mbele ya usingizi wa mama mzee. Kesho saa kumi na moja alfajiri anaondoka. Mama amekula bakuli mbili za wali na kuomba kachumbari.

Dada yako,
Mitsue


Hamamatsu, 17 Juni 1997

Dada,

Nashukuru kwamba Shemeji yu hai. Jana kwenye simu ulijibu "ndiyo" na "hapana" tu, nikajua Mama yuko karibu.

Nilipokata simu nilikuta barua yako ya Jumamosi mlangoni. Nadhani na yangu ya Alhamisi imekufikia jana hiyo hiyo, wakati haina kazi tena. Kwa hiyo sasa sote wawili tunajua.

Gari limeletwa kwetu. Pistoni moja imetoboka, oili ikamwagika mpaka kwenye tairi za nyuma, na kwenye kona ile juu ya mto hakuna dereva ambaye angelizuia lisitoke barabarani. Tangi ni kavu. Mkubwa wangu wa kazi ameniuliza kulikoni, nikamwambia bado natazama.

Tafadhali niambie Shemeji anasema nini. Na wewe, unakula?

Mdogo wako,
Kiyotaka


Kurosaka, 6 Julai 1997

Mdogo wangu Kiyotaka,

Joto limeanza, na hospitali haina upepo. Natumaini mko salama. Mimi nakula.

Mguu wa Genpei umevunjika sehemu mbili, na mbavu tatu. Daktari anasema atatembea, ila kwa kuchechemea. Maumivu hayamsumbui kama jambo jingine. Kila anayeingia na tikitimaji lake la kumpa pole, Genpei anamuuliza: "Mtu anaweza kukumbuka amefanya kitu ambacho hakukifanya?" Jana alinishika mkono. "Mitsue, nilijaza. Naona kabisa mkono wangu unafunga kifuniko. Au ilikuwa mwaka jana?" Nilimwambia apumzike.

Barua yako ya Alhamisi ilinifikia Jumatatu, pamoja na kadi za pole. Nilikusudia kumwambia Mama. Nikamkuta anakunja nguo za Genpei, uso wake umetulia kama sijauona miaka mingi.

"Umeliona gari kwenye picha?" akaniuliza. "Chuma chote kile kimekunjika, yeye kavunjika mguu tu. Tungeyaacha maji yale, leo tungekuwa tunamwosha."

Anaamini tumemwokoa. Kiyotaka, nikachukua shati nikakunja naye. Kijijini wanasema kosa ni la pampu ya shemeji yake Genpei. Sikuwakatalia.

Dada yako,
Mitsue


Hamamatsu, 13 Julai 1997

Dada,

Nakusalimu, na Shemeji apate nafuu.

Nimemwandikia leo kwamba alijaza, asijitilie shaka, ila mpira wa maji ulichomoka kwenye kiungo nilichofunga mimi, tangi likavuja njiani. Mkubwa wangu nimemwambia hivyo hivyo. Amenitoa kwenye injini, nipo kwenye tairi.

Usinishukuru. Ile kompyuta niliipanga mimi, na barua niliitia posta kesho yake. Mama abaki na usingizi wake.

Mdogo wako,
Kiyotaka


Kurosaka, 5 Aprili 1998

Mdogo wangu Kiyotaka,

Najua sijaandika tangu majira yale. Natumaini baridi haikuwatesa, na mtoto ameshaanza shule. Hapa maua ya cheri bado yamefumba.

Genpei hakuniruhusu kukuandikia. Alipoisoma barua yako aliikunja, akasema, "Ndugu yako ametaka kuniua kwa uzembe," na tangu hapo jina lako halitajwi mezani. Nilikaa nikisikia, nikimwongezea chai.

Sasa ameunda gari jingine. Amelipeleka kwa fundi mwingine, huko Matsumoto. Nilimuuliza kama safari hii anaweka maji. Akasema, "Naweka, na mengi zaidi. Na injini imepangwa kwa nguvu kuliko ya mwanzo. Huyu anajua kufunga mpira." Mbio ni tarehe 14 Juni.

Hilo si lililonifanya niandike. Jana Mama alinijia jikoni, akachukua kisu akanisaidia kukata vitunguu, jambo ambalo hafanyi. Baadaye akauliza polepole, "Hili jipya, tangi lake limewekwa upande gani?"

Dada yako,
Mitsue


Hamamatsu, 9 Aprili 1998

Dada,

Sote wazima. Mtoto ameanza shule.

Gari lingekuwa kwangu ningelipunguza nguvu kimyakimya, Mama angemwaga maji kila mwaka, asidhurike mtu. Lakini haliko kwangu, na halitakuwa, kwa sababu ya uongo nilioutunga mwenyewe nikidhani nafanya wema. Nikimwambia Shemeji mimi, hataamini. Nikimwambia yule fundi, atadhani nina wivu.

Umebaki wewe. Mwambie Shemeji mbele ya Mama, si kando, ili Mama asije akasema umemsingizia. Najua utapoteza nini. Lakini ukinyamaza safari hii, Dada, hutakuwa tena mtu ambaye hakujua.

Mdogo wako,
Kiyotaka


Kurosaka, 15 Juni 1998

Mdogo wangu Kiyotaka,

Sote tu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta kwenye karatasi hii. Wewe na wako natumaini hamjambo.

Nilichelewa. Aprili ikapita, Mei ikapita, kila asubuhi nikisema kesho. Alhamisi iliyopita nilimwona Mama anauosha ule mpira wa kunyonyea, na tulipoketi kula nikasema yote. Sikupamba. Nilisema tulimwaga maji mimi na yeye, kwamba kiungo chako hakikuchomoka, kwamba umebeba lawama isiyo yako.

Genpei akaweka bakuli chini.

"Nani alishika mpira?"

"Mimi."

"Na mimi ndiye niliyemwomba," Mama akasema. "Ndiyo maana leo upo hapa unakula."

Genpei akasogeza supu kando. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mwaka mzima nimedhani akili yangu inaanza kuondoka. Nafunga koki, narudi kuikagua, nafika mlangoni, narudi tena. Haya. Mama, ukiyamwaga, nakufa. Ukiyaacha, kwa unavyoamini wewe, nakufa. Niambie nifanyeje."

"Usiende."

"Hilo hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia ungenicheka."

"Ningecheka," akasema Genpei. "Halafu ningekaa nikafikiri." Akasukuma meza akainuka kwa mguu wake ule. "Mwaka huu naenda. Na wewe utakuja, utaona kwa macho yako."

Mama hajawahi kwenda kwenye mbio zile. Jana alivaa nguo yake nzuri ya kijivu, akakaa katikati yetu kwenye lori. Pale chini mlimani Genpei alifungua buti, akamwita asogee, akamimina maji yaliyochujwa chupa baada ya chupa, mpaka yakafika ukingoni. Mama alitazama kila chupa. Midomo yake ilikuwa inakwenda, sikusikia anaomba nini. Kifuniko kilipofungwa alinyoosha mkono kidogo, nikaushika. Sikuuachia hata gari lilipoondoka.

Mlio wa gari tuliusikia ukipanda, ukipotea nyuma ya miti, ukirudi juu zaidi. Mahali pa kona ile ulikatika. Mama alifumba macho. Kumbe alibadilisha gia tu. Baadaye kipaza sauti kikamtaja: wa sita. Watu wakapiga makofi, mmoja akapaza sauti, "Nne kawa Sita!"

Magari hushuka pamoja mwishoni, kwa foleni, polepole. La Genpei lilikuwa zima, hata vumbi halina. Akashuka akichechemea, akaja moja kwa moja kwa mama yake, akafungua buti na kutoa kifuniko. "Yamebaki haya, Mama. Mengine yamefanya kazi." Nilimwachia Mama mkono nikidhani atamkumbatia mwanawe. Aliinama, akayatazama maji yale chini ya tangi. Kisha akamtazama Genpei kuanzia kichwani, na alipofika kwenye mguu ule uliovunjika macho yake yakabaki hapo.

Rafiki zake walikuwa wameshamzunguka Genpei, wanamvuta kwenye bia. Hakumwona Mama akikaa chini kwenye changarawe na nguo yake nzuri. Mimi nilidhani ni furaha, au magoti. Nikachuchumaa kumwinua. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuuliza kama wali umeiva:

"Kwa hiyo mwaka jana ni mimi."

Nikamwambia tulikuwa wawili. Hakugeuka.

Dada yako,
Mitsue